Wakati Uliopo Umo Tayari Mdomoni Mwetu

"I am living in Mabawa since 2015." Kwa miaka yote niliyofundisha Kiingereza hapa Tanga, sijui sentensi iliyopigwa mistari myekundu mingi kuliko hii. Mwalimu anaikata, anaandika juu yake "have been living", anageukia daftari jingine. Mwanafunzi anarudishiwa kazi yake, anaona amekosa, hajui amekosa nini, na wiki ya pili anaandika vilevile. Watu wazima wanamwita mzembe. Si mzembe. Ameandika kinachosemwa nyumbani kwao kila siku: "Ninaishi Mabawa tangu 2015." Kiswahili hicho hakina ila. Amekichukua jinsi kilivyo, akakipa maneno ya Kiingereza, sarufi ikabaki ya kwetu.

Nashikilia kwamba sehemu kubwa ya makosa ya wakati uliopo katika Kiingereza cha watoto wetu ina asili hiyo. Mtoto hakurupuki, anafuata kanuni. Tatizo ni kwamba kanuni anayoifuata ni ya lugha nyingine, na hakuna aliyemwambia. Tukilikubali hilo, ufundishaji wenyewe utabadilika. Badala ya kumkaririsha fomula za ubaoni za "kiima jumlisha kitenzi jumlisha s", tutaanza na Kiswahili chake, tumwonyeshe kinapokubaliana na Kiingereza na kinapoachana nacho. Na Kiswahili cha pwani hii, kuanzia Pangani hadi Mkinga, kina utajiri wa nyakati ambao mwalimu wa Kiingereza hana sababu ya kuuacha nje ya mlango wa darasa.

Tuanze na kiambishi kinachofanya kazi nyingi kuliko vyote, -na-. Mtoto wa Sahare akisema "Baba anavua samaki" huku babake amelala chumba cha pili, anaeleza kazi ya babake. Akiisema sentensi hiyohiyo ufukweni, akimwonyesha mgeni ngalawa iliyo mbele yao, anaeleza kinachotendeka muda huo. Kiswahili kimemwachia msikilizaji atambue mwenyewe kutokana na mazingira. Kiingereza hakimwachii. Kwa maana ya kwanza ni lazima useme "My father fishes", kwa maana ya pili "My father is fishing", na ukizibadilisha umetoa habari nyingine kabisa. Kijana anayeulizwa kazi ya mzazi wake akajibu "My father is fishing" amemwambia muulizaji kwamba mzee yuko majini sasa hivi, pengine atarudi jioni. Swali la kazi halijajibiwa.

Sasa wasikilize wazee wetu. Bibi wa Mabawa akimwona mjukuu anatoka, humwuliza, "Waenda wapi?" Akiulizwa habari za jirani, atasema, "Huyo huuza maandazi asubuhi." Ukimwuliza kama mgeni yuko njiani, utasikia, "Yuaja." Hapo kuna -a- na hu-, na ukiongeza -na- unapata njia tatu za kusema wakati uliopo, kila moja na mahali pake. Edward Steere, mmisionari wa UMCA, misheni ileile iliyoweka kituo chake Magila kule Muheza, alipochapisha sarufi yake ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alizitenga hu-, -a- na -na-, kila moja na maelezo yake. E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya 1944 ilisomwa vyuoni kwa miongo mingi, naye alizitenga. Waingereza hao walikuta Kiswahili kimegawanya wakati uliopo kwa uangalifu, wakakaa chini kujifunza mgawanyo huo. Leo, kupitia redio, ofisi na Kiswahili cha darasani, -na- imewameza wenzake. Kijana wa mjini anaweza kumaliza siku nzima bila kutamka hu- hata mara moja. Kisha anaingia kidato cha kwanza anakutana na lugha inayomdai atenge mambo yaleyale ambayo bibi yake huyatenga bila kufikiri.

Mimi huanza somo hili pwani. Maji ya bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kila mtoto wa Tanga anajua hilo kabla hajajua kusoma. Basi naandika ubaoni sentensi tatu: "Maji hujaa." "Maji yanajaa." "Maji yamejaa." Nauliza darasa: mvuvi akisema ya kwanza anataka kukwambia nini? Wanajibu bila kusita kwamba anaeleza desturi ya bahari, hata kama dakika hiyo maji yamekupwa na watu wako miambani wanatafuta pweza. Ya pili? Ukitazama utaona maji yanapanda. Ya tatu? Yameshapanda, yako juu, chombo kinaweza kutoka. Hapo ndipo naandika mbele ya kila moja Kiingereza chake: "The tide comes in." "The tide is coming in." "The tide is in." Hakuna aliyekariri kitu. Wamegundua kwamba maana tatu za Kiingereza wanazo tayari, ila mdomo umezoea kuzipitisha karibu zote kwenye -na-. Na waitazame vizuri ile ya tatu, maana Kiingereza hapo hakikutumia kitenzi cha tendo, kimetumia "is". Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu ndiko tunakoumia zaidi.

Kipimo ninachowapa kwa desturi na mazoea ni hu-. Kabla hujaandika kitenzi, jiulize kama ungeweza kuweka hu- mahali pa -na- na maana ikabaki ileile. "Dada anafundisha Makorora" inakuwa "Dada hufundisha Makorora", maana imebaki, basi andika "My sister teaches at Makorora". "Dada anafundisha, usimwite" haikubali hu-, basi "My sister is teaching". Methali zetu ni hazina ya mazoezi haya. Haba na haba hujaza kibaba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kila moja inasema jambo lililo kweli jana, leo na kesho, na kila moja ukiitia katika Kiingereza inadai wakati uliopo wa kawaida, kama ule wa "Water boils at 100 degrees". Darasa likishughulikia methali kumi kwa namna hiyo, wakati uliopo wa kawaida hauitwi tena wakati wa "sasa". Jina hilo limetupotosha muda mrefu, kwa kuwa kazi kubwa ya wakati huo si kueleza sasa. Unaeleza yasiyofungwa na sasa.

Kipimo cha hu- kina mpaka wake, na mwanafunzi aambiwe mapema. Vitenzi vya kujua, kutaka, kupenda, kumiliki na kuamini havikubali hu- kwa urahisi, lakini Kiingereza huvitaka viwe katika hali ya kawaida: "I know", "I want", "I have". Hapo hakuna tendo linaloanza na kuendelea, kuna hali tu. Kijana wetu anaandika "I am knowing" kwa sababu ninajua ina -na- sawasawa na ninakimbia, na anaandika "I am having" kwa sababu neno "nina" limekaa kwenye sikio lake kama kitenzi chenye -na-. Kosa hili si la Tanga peke yake. Kiingereza cha India kinajulikana kwa "I am knowing", na hata Waingereza na Wamarekani wenyewe huvunja kanuni wanapotaka kuonyesha hisia ya muda mfupi. Tangazo la McDonald's la tangu mwaka 2003, "I'm lovin' it", limeisambaza sentensi ya namna hiyo duniani kote, na vijana huniletea tangazo hilo kama ushahidi. Nawajibu kwamba mwenye lugha akikiuka kanuni anajua anachokusudia. Katika mtihani wa Baraza la Mitihani hapana nafasi ya kueleza makusudio.

Kosa jingine linalowaudhi walimu ni "She is go to school." Wengi hulichukulia kama ushahidi kwamba mtoto hajui kitu. Litazame kwa makini. Anaenda ina vipande vitatu: a-, -na-, -enda. Mtoto ameweka "she" mahali pa a-, "is" mahali pa -na-, "go" mahali pa -enda. Amechambua kitenzi cha Kiswahili kama mwanaisimu, akatafuta cha kuweka mahali pa kila kipande. Asichokijua ni kwamba Kiingereza huweka alama ya kuendelea mahali pawili kwa pamoja, moja kabla ya kitenzi na moja nyuma yake, na ukiacha mojawapo sentensi haisimami. Mweleze hivyo, kwa Kiswahili, dakika tano. Nimeona darasa zima likiacha kosa hilo ndani ya wiki moja, baada ya mwaka mzima wa mistari myekundu isiyosaidia.

Na ile s ya nafsi ya tatu? Hapa nawaomba walimu wenzangu subira ya kweli. Roger Brown wa Harvard alichapisha mwaka 1973 utafiti wake kuhusu watoto watatu wa Kimarekani, akawaita Adam, Eve na Sarah, waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha yao ya kwanza. Kati ya viambishi na maneno madogo 14 aliyoyafuatilia, -ing ya kuendelea ndiyo iliyotangulia yote. S ya "he goes" ilikuja ya kumi. Muda si mrefu Heidi Dulay na Marina Burt wakawachunguza watoto wa Kihispania na wa Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya pili, wakakuta huko nako s hiyo imo katika yanayochelewa. Sababu haifichiki: s hiyo haiongezi habari. "He" imeshasema ni mtu mmoja, si mimi wala si wewe. Sikio linaiacha ipite. Mtoto wa Mabawa anayeandika "he go" anapita njia waliyopita watoto wa Boston. Kumkatia nusu ya alama za insha kwa s, na kumwacha yule aliyechanganya "is fishing" na "fishes" kwa sababu tahajia yake ni nzuri, ni kupima kisichostahili kupimwa kwanza.

Kukanusha ni mtego ambao vitabu vingi vya shule huupita haraka. Katika kukubali, Kiswahili kina -na-, -a- na hu- za kuchagua. Katika kukanusha zote huishia mahali pamoja. Unaenda, waenda, huenda: jibu la hapana ni moja tu, "siendi". Neno hilo linatosha kwa "mimi si mtu wa kwenda Pangani", kwa "sasa hivi sielekei Pangani" na kwa "kesho siendi Pangani". Kwa hiyo mwanafunzi aliyeshika vizuri tofauti ya "I go" na "I am going" anaipoteza tena anapokana, akaandika "I don't come tomorrow" akimaanisha hatakuja. Kiingereza kinasema "I am not coming tomorrow", kwa kuwa ni mpango uliokwisha amuliwa. Dawa ninayoitumia ni kumrudisha kwenye sentensi ya kukubali. Kabla hujakana, iseme kwanza sentensi isiyo na hapana, uone ilikuwa ya desturi au ya tendo linaloendelea, ndipo uikane.

Sasa -me-, na hapa nitakaa kidogo.

Shule inafundisha kwamba -me- ni hali timilifu, na hali timilifu kwa Kiingereza ni "have" na kitenzi. Amefika, "has arrived". Amekula, "has eaten". Kanuni inafanya kazi vizuri mpaka inapokutana na "Mtoto amelala". Mwanafunzi anaandika "The child has slept". Mwingereza akisoma ataelewa kwamba mtoto amepata usingizi wake, ameshaamka, yuko tayari kucheza. Mama aliyesema "amelala" alikuwa ananong'ona ili asimwamshe. Ameketi si "has sat", ni "is sitting". Wamesimama getini ni "are standing". Amevaa kanga ni "is wearing", na "anavaa" ndiyo "is putting on" au "is getting dressed". Amechoka, amekasirika, amelewa, embe limeiva, yote haya Kiingereza huyaeleza kwa "is" na sifa: "is tired", "is angry", "is drunk", "is ripe".

Sababu ni kwamba -me- ina nguvu mbili. Inaweza kueleza tendo lililomalizika, na inaweza kueleza hali iliyobaki baada ya tendo. Vitenzi vya kula, kufika, kuandika, kununua huelekea upande wa kwanza. Vitenzi vya kulala, kukaa, kusimama, kuvaa, kuchoka, kuiva, kujaa huelekea upande wa pili, kwa sababu kitu kinachotupa habari ni hali tunayoiona mbele yetu. Kiingereza hakina chombo kimoja cha kubeba nguvu zote mbili, kwa hiyo kinazigawa. Kipimo ninachokitumia ni swali. Ukiona -me-, jiulize: sentensi hii inajibu "amefanya nini?" au "yukoje?" Ikijibu "amefanya nini?", tafuta "have". Ikijibu "yukoje?", tafuta "is". Amefanya nini? Amenunua samaki. Yukoje? Amelala. Kuna vitenzi vinavyokubali maswali yote mawili, amekufa kwa mfano, na Kiingereza nacho kwa haki kina "has died" na "is dead".

Mtego wa pili wa -me- ni "Amefika jana". Tunasema hivyo nyumbani, barabarani, hata redioni. "He has arrived yesterday" kwa Kiingereza haikubaliki. Mwaka 1947 Hans Reichenbach, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyekuwa akifundisha Los Angeles, aliieleza mantiki yake kwa nukta tatu: wakati wa kusema, wakati wa tukio, na mahali pa kutazamia. Katika "has arrived" tukio liko nyuma, lakini anayetazama amesimama sasa. Ukitia "yesterday" umemchukua mtazamaji ukamrudisha jana, na hapo Kiingereza kinadai "arrived". Maelezo hayo ni mazuri kwa chuo kikuu. Kwa kidato cha pili nina njia fupi zaidi, na sijaona kitabu cha shule kinachoitumia.

Njia hiyo ni kukanusha. Sema "Amefika jana", sikio halisumbuki. Sasa ikane. Utasema "Hajafika jana"? Hakuna Mswahili anayesema hivyo. Utasema "Hakufika jana." Lakini bila jana utasema "Hajafika." Sikio la mtoto wa pwani linaijua kanuni ya Reichenbach barabara. Linaitumia kila siku katika kukana, ila katika kukubali limeilegeza. Hajafika ni "has not arrived", hakufika ni "did not arrive", hajala ni "has not eaten", hakula ni "did not eat", na mpaka kati ya -ja- na -ku- unafuata karibu kabisa mpaka wa Kiingereza. Kwa hiyo mimi wakati uliopo timilifu naufundisha kuanzia hapana. Hajafika bado, "She has not arrived yet". Hatujamaliza, "We have not finished". Wakishazoea, nawapeleka kwenye ndiyo, na nawaambia: kabla hujaandika "have", ikane sentensi yako. Ukijikuta umesema haja-, uko sawa. Ukijikuta umesema haku-, andika wakati uliopita.

Mtego wa tatu ni ule tulioanza nao, wa tangu. Ninaishi Mabawa tangu 2015. Kiswahili kinaitazama hali kutoka ndani: ninaishi, na mwanzo wake ni huo. Kijerumani na Kifaransa hufanya vilevile, kwa hiyo Mjerumani aliyeitawala Tanga hadi 1916 angefanya kosa hilihili la daftari zetu kama angeandika Kiingereza. Kiingereza kinataka kitenzi chenyewe kibebe urefu wa muda, tangu mwanzo hadi dakika hii, ndipo tunapata "I have lived" au "I have been living". Hapa kipimo cha Kiswahili hakipo. Nasema wazi kwa wanafunzi: hili hamlijui, hili ni jipya, litawataka mazoezi. Mwanafunzi aliyeona kwamba mambo mengi anayajua tayari hulipokea hili moja kwa moyo mkunjufu.

Gharama ya haya yote inaonekana zaidi mtoto akishamaliza shule. Bandari ya Tanga imepanuliwa, bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, ndani ya jiji letu, na matangazo ya kazi za namna hiyo huandikwa kwa Kiingereza. Vijana wa Mabawa huniletea barua zao nizipitie kabla hawajazituma. Barua ya kawaida huwa hivi: "I write to apply for the job. I am having a certificate in welding. I am working with a contractor since 2019. I am knowing to read drawings. I have been employed last year at a workshop." Kijana huyu anachomelea vizuri kuliko wengi, nimeiona kazi yake. Lakini anayesoma barua hizo ofisini hajaiona.

Tuipitie. "I write to apply" haijakosewa kisarufi, ila ni ya kizamani. Leo kitendo cha kuandika kinatazamwa kama kinachoendelea, "I am writing to apply". "I am having" iwe "I have", au kwa barua rasmi "I hold". "I am working since 2019" iwe "I have been working", na tofauti hapa ni kubwa: msomaji wa Kiingereza anataka kujua ana uzoefu wa miaka mingapi, na ni kitenzi kinachombebea habari hiyo. "I am knowing to read drawings" iwe "I can read drawings". "I have been employed last year" ni jana yetu ileile imejificha ndani ya mwaka jana, nayo iwe "I was employed". Sentensi tano, makosa manne na jambo moja la mtindo, na yote asili yake ni Kiswahili fasaha. Nikimweleza hivyo, kijana anainua uso. Alikuwa ameshajiaminisha kwamba kichwa chake hakifai kwa lugha.

Kuhusu wakati uliopo unaosimamia siku zijazo sitasema mengi. Ratiba ya basi la Dar es Salaam ni "The bus leaves at six", mpango wako wa safari ni "I am travelling tomorrow", na mwanafunzi aangalie saa, maana saa kumi na mbili yetu ndiyo "six" yao, na wengi wamekosa alama kwa hilo wakidhani wamekosea kitenzi. Ila kuna moja lisiachwe. "Utakapofika, nipigie simu" imeibeba -ta- mgongoni, kwa hiyo mtoto anaandika "When you will arrive, call me". Kiingereza baada ya "when", "before", "after" na "until" hakitaki "will", kinataka "When you arrive". Na hapo tena Kiswahili kina mlango wa pili: "Ukifika, nipigie simu." Hiyo -ki- haina wakati ujao ndani yake. Ukitaka kuandika Kiingereza sahihi, badili kwanza utakapo- iwe uki-, ndipo uhamie.

Yote niliyoyaeleza yanahitaji jambo moja ambalo shule nyingi zimelikataza: Kiswahili ndani ya kipindi cha Kiingereza. Watoto wetu husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 sekondari nazo zihamie Kiswahili kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, walioletwa kupima hali ya Kiingereza nchini, walikuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliandika kitabu kizima juu ya janga hilo mwaka 1997. Mjadala wa lugha gani itumike kufundishia fizikia na historia ni mkubwa na una watu wake, nami nina upande wangu ndani yake, lakini hoja yangu hapa ni ndogo kuliko hiyo na haihitaji kusubiri sera. Kibao cha "Speak English Only" kinapobandikwa darasani, kinamnyang'anya mwalimu wa Kiingereza chombo chake bora. Huwezi kumweleza mtoto kwa nini "amelala" si "has slept" ikiwa hamruhusiwi kulitaja neno amelala. Mwalimu anabaki na fomula ya ubaoni, mtoto anabaki kimya, na ukimya huo tunauita nidhamu ya lugha.

Kwa walimu wa kidato cha kwanza, mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Muhtasari wa somo la Kiingereza wa 2005 ulitenga mada ya kueleza mazoea na mada ya kueleza shughuli zinazoendelea, na huo ulikuwa utaratibu wa busara, kwa sababu uligawa kwa maana badala ya kugawa kwa umbo la kitenzi. Anzeni na linaloendelea, kwa kuwa -ing ndiyo inayoshika mapema na darasa limejaa vitendo vya kuelezwa: nani anafuta ubao, nani anachungulia dirishani. Fuatisheni mazoea, kwa hu- na methali. Kisha hali timilifu kupitia hajafika na hatujamaliza, kabla ya kugusa amefika. Amelala na wenzake wapewe vipindi vyao wenyewe, visivyochanganywa na amekula. Tangu ije mwishoni, kwa mazoezi mengi ya kuandika habari za familia: mama amefanya kazi hapo miaka mingapi, nyumba hii tumekaa tangu lini, mdogo wangu anasoma shule hiyo tangu darasa la ngapi. S ya nafsi ya tatu isahihishwe kila inapokosekana, kwa upole, bila kupunguza alama mwaka huo wa kwanza.